Akina Mama wa Ngoma Walioijaza TANU

Ile picha ya waasisi wa TANU wengi wetu tunaifahamu. Ilipigwa Dar es Salaam mwezi Julai 1954, chama kilipozaliwa, na kila ikifika Desemba 9 hubandikwa ukutani katika ukumbi wetu, karibu na bendera na meza ya pilau. Watoto wakihesabu wanapata watu 17. Wakitazama vizuri wanaona jambo jingine: wote ni wanaume.

Mwaka mmoja tu baadaye hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Kati ya Juni na Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walijiunga na TANU. Wengi wao hawakujua kusoma. Hawakuwa na gazeti, wala gari, wala simu. Hakuna mwajiri aliyewaagiza, na mara nyingi waume zao wala hawakutaka. Nimeombwa na kamati niandike juu ya uongozi kwa ajili ya vijana wetu waliokwisha kuanza kazi, na ningeweza kuandika juu ya mawaziri na marais. Nimechagua akina mama hawa, kwa sababu wanajibu swali ambalo vijana huniuliza mara kwa mara: nitawezaje kuwashawishi watu kazini na mimi si bosi wa mtu?

(Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba mnivumilie. Desemba 9 ni siku ya Bara, na akina mama wa Visiwani wana historia yao inayostahili mwandishi wao.)

Aliyeongoza kazi hii ni Titi binti Mohamed, ambaye sote tunamwita Bibi Titi. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma hadi darasa la nne, akaolewa angali binti mdogo, kama wenzake wengi wa wakati ule. Mwaka 1955 alikuwa hajafika hata miaka 30. Hakuwa mwalimu, karani wala mke wa mtu mkubwa. Mjini alijulikana kwa jambo moja: sauti yake. Alikuwa mwimbaji wa mbele katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Hapa inabidi niwaeleze watoto waliozaliwa huku, maana tukisema "ngoma" wanafikiria maonyesho ya dakika kumi kwenye sherehe, kisha watu wanapiga makofi. Ngoma ya akina mama wa Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa kama chama. Ilikuwa na kiongozi na wasaidizi wake, sare za kanga, mfuko wa michango, na ushindani mkali na kikundi cha mtaa wa pili. Mwanachama akifiwa, wenzake walikuja na sufuria na mikeka. Akiozesha, walikuja kupika na kuimba. Akigombana na mwenzake, kulikuwa na mtu mzima wa kuwapatanisha. Ndani ya kikundi kimoja ungemkuta Mzaramo, Myao, Mmanyema na Mnyamwezi, na nyimbo zikawa za Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyowakutanisha. Kiongozi akituma mtu apige hodi nyumba hadi nyumba asubuhi, jioni uwanja ulikuwa umejaa.

Machoni pa wakubwa wa serikali hizi zilikuwa starehe za wanawake tu. Na niseme ukweli, hata viongozi wa TANU mwanzoni hawakuona kilicho mbele yao.

Serikali ilikuwa na chombo chake cha wanawake: Baraza la Wanawake la Tanganyika, lililoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, Lady Twining, mke wa gavana, akiwa mstari wa mbele. Lilikuwa na kila kitu ambacho kikundi cha Bomba hakikuwa nacho: ofisi, baraka za serikali, majina makubwa. Lilifundisha ushonaji, upishi na usafi wa nyumba, na si mambo mabaya hayo. Lakini muuza vitumbua wa Kariakoo hakuliona kuwa lake.

TANU nayo ilikuwa na tatizo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Fikirini maana yake. Waafrika waliosoma wakati ule, walimu wa shule za serikali, makarani, wauguzi na madaktari wasaidizi, karibu wote walikula mshahara wa serikali. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekuwa amerudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh miaka michache tu kabla, alilazimika kuchagua kati ya kazi yake ya ualimu Pugu na chama. Machi 1955 akaacha kazi. Wengi hawakuweza kufanya hivyo, na siwalaumu. Walikuwa na watoto wa kulisha. Kwa hiyo chama kilihitaji watu ambao serikali haikuwa na mshahara wao wa kuushikilia.

Na watu hao walikuwapo: akina mama wa mjini waliouza maandazi, samaki wa kukaanga na pombe ya kienyeji, waliopangisha chumba kimoja au viwili, wengi wao wakiwa watu wazima, Waislamu, waliokwisha kuachika mara moja au zaidi na kuzoea kujitegemea. Mkuu wa wilaya angemfukuza kazi ipi mama anayepika vitumbua?

Juni 1955 alifika Dar es Salaam John Hatch, mtu wa chama cha Labour cha hapa Uingereza aliyeshughulikia mambo ya makoloni. Alivyosimulia Bibi Titi mwenyewe miaka mingi baadaye, mgeni huyo aliuliza kuhusu wanawake wa TANU. Wako wapi? Tawi lao liko wapi? Wazee wa chama hawakuwa na la kuonyesha, ikabidi mwanamke atafutwe. Bibi Titi na mumewe, Boi Selemani, walikuwa wameshachukua kadi, na mume hakuwa na kinyongo mkewe akitokea mbele za watu. Basi akaitwa yeye.

Hivi ndivyo alivyopata cheo chake, na mimi nasema kilikuwa cheo cha karatasi. Alipewa uongozi wa wanawake wa TANU wakati wanawake wa TANU walikuwa hawajulikani walipo. Hakupewa mshahara. Hakupewa ofisi, wala mtu mmoja wa kumtuma. Alikuwa amewekwa mbele ili mgeni aone. Mtu mwingine angekaa hapohapo, akavaa vizuri siku za wageni, na jina lake lingeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, basi.

Yeye alifanya jambo jingine. Hakuanza na umma wa wanawake. Alianza na viongozi wa vikundi vya ngoma. Aliwajua. Alikuwa ameimba nao, ameshindana nao, amekaa nao misibani. Akawaendea mmoja mmoja na kuwakutanisha, akawaeleza TANU ni nini na inataka nini, na wao wakarudi kwa watu wao. Kikundi kikishaamua, wanachama hawakuja mmojammoja kwa woga. Walikuja kwa pamoja, kama walivyokwenda harusini.

Watu husema Bibi Titi alifanikiwa kwa sababu alikuwa msemaji hodari. Alikuwa hodari kweli, jukwaani hakuwa na mpinzani. Lakini mimi sikubali kuwa hiyo ndiyo sababu kubwa. Msemaji hodari unaweza kumsikiliza, ukampigia makofi, ukarudi nyumbani ukalala. Hawa walirudi nyumbani wakavunja kibubu. Waliuza vyakula ili chama kipate nauli, na wapo waliotoa hata mapambo yao ya shingoni. Walipokea wageni wa chama, wakawalisha na kuwalaza. Walificha kadi pale ambapo kadi ilikuwa hatari. Hayo huyafanyi kwa ajili ya hotuba. Unayafanya kwa sababu mtu aliyekuombea maji ulipokuwa mgonjwa leo anakuomba jambo.

Na angalieni alivyoomba. Hakuwaendea akina mama kwa maneno ya katiba na udhamini wa Umoja wa Mataifa, ingawa mambo hayo yalikuwepo na yalikuwa muhimu. Aliwaendea kwa jambo wasiloweza kulikana: hawa wanaume wanaotawala na wanaotawaliwa, nani aliyewazaa? Mwenye uwezo wa kuileta dunia nzima duniani atasemaje hana uwezo wa kudai nchi yake? Hoja hiyo ilimkuta mama mahali alipo, na haikumtaka awe amesoma kwanza.

Mimi ni muuguzi, na shahada yangu nimeipata hukuhuku Uingereza, kwa hiyo mtanisamehe nikiingiza mambo ya wodini. Katika kila wodi niliyofanya kazi kumekuwa na mtu ambaye jina lake haliko juu kwenye orodha ya zamu, lakini akisema "yule mgonjwa wa kitanda cha nne sipendi anavyopumua," kila mtu anageuka, na daktari pia. Huyo mtu si lazima awe msimamizi. Mara nyingi ni muuguzi wa kawaida, au hata msaidizi wa wauguzi, ambaye kwa miaka amekuwa akisema mambo yaliyo kweli, bila kupiga kelele kwa yasiyo na maana, na amewasaidia wenzake zamu zilipokuwa ngumu bila kuwakumbusha. Siku anapohitaji kusikilizwa, akiba yake ipo.

Mwaka 2021, wakati wa chanjo za Korona, nilishuhudia jambo hilohilo ndani ya jumuiya yetu. Wazee wetu wengi walikuwa na wasiwasi. Vipeperushi vya Kiswahili vilitumwa. Vingine vilikuwa vya Kiswahili ambacho hakuna mtu anakizungumza. Nami nikiwa na sare yangu na shahada yangu nilieleza jinsi chanjo inavyofanya kazi, watu wakanisikiliza kwa heshima, wakanishukuru, wakaondoka. Kilichobadilisha mambo ni mama mmoja anayeongoza kikundi chetu cha kuchangiana misiba. Hana cheo chochote hospitalini. Kazi yake ni usafi wa ofisi, alfajiri. Alikuja kwangu na maswali yake yote, akauliza mpaka akaridhika, akachanjwa, kisha akapiga simu. Hakuwaambia watu wafanye nini. Aliwaambia yeye amefanya nini, na kwamba Jumamosi anakwenda kumsindikiza Mama Fulani, je, na wewe tukupitie? Wiki mbili baadaye nilikuwa nawaona wazee wetu kwenye foleni, wameongozana kama wanakwenda arusini. Nilimfikiria sana Bibi Titi siku zile.

Tusidhani lakini kwamba mambo yalikuwa mepesi kwa akina mama wa 1955. Mwanamke wa mjini aliyetoka kwenda mkutanoni, akasimama juu ya jukwaa mbele ya wanaume, alionekana amevunja mila. Waliitwa wahuni na majina mengine ambayo siwezi kuyaandika kwenye jarida la familia. Waume wengine waliwakataza kabisa. Kilichosaidia ni kwamba TANU iliingia kupitia kitu ambacho waume walikuwa wameshakizoea. Mke aliyesema anakwenda kwenye kikundi chake hakuwa anasema uongo. Wapo walioficha kadi zao wasionwe na waume zao, na wapo ambao ndio waliowashawishi waume zao baadaye kuchukua kadi. Hapo tena hakuna aliyekuwa na mamlaka juu ya mwenzake. Ni maneno ya jioni, sahani ya chakula ikiwa katikati.

Haikuishia Dar es Salaam. Bibi Titi alizunguka nchi pamoja na Nyerere na viongozi wengine, na kila walipofika walikuta au waliacha nyuma yao wanawake waliofanya kazi hiyohiyo kwa namna ya kwao. Majina yao hayamo kwenye vitabu vya shule, kwa hiyo nayaandika hapa machache: Tatu binti Mzee wa Dar es Salaam, aliyekuwa naye bega kwa bega tangu mwanzo, Halima Selengia Kinabo wa Moshi, Agnes Sahani wa Mwanza. Huko Mwanza kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu tangu 1954 hadi 1958 serikali ilikataa kuandikisha matawi ya TANU katika Mkoa wa Ziwa. Pale ambapo ofisi haikuruhusiwa kufunguliwa na bendera haikuruhusiwa kupepea, chama kilibaki ndani ya watu na mazungumzo yao. Mnaelewa basi kwa nini watu waliozoea kuongoza bila ofisi walifaa.

Kisha likaja jambo ambalo mimi, kila nikilisoma, linanichoma. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Ulikuwa ule wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora na karibu chama kivunjike juu ya suala la kushiriki au kususa. Nyerere akawashawishi wajumbe washiriki. Historia hiyo inafundishwa. Kisichosemwa sana ni masharti ya kupiga kura. Ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa fulani unaotambuliwa na serikali.

Rudini sasa kwa wale akina mama 5,000. Wauza maandazi. Darasa la nne, darasa la pili, madrasa, au hakuna. Wengi mno kati ya waliokijaza chama hawakuwa na haki ya kuweka karatasi kwenye sanduku. Waliambiwa na sheria kwamba maoni yao hayahesabiki, nao wakaenda kuwahimiza wenye darasa la nane wakajiandikishe. Wagombea waliounga mkono TANU wakashinda. Uchaguzi wa Agosti 1960 chama kikachukua viti 70 kati ya 71, na Desemba 9, 1961 bendera ya Uingereza ikateremshwa.

Nisije nikaonekana nadharau elimu. Nimeihangaikia mwenyewe nikiwa na watoto wadogo. Katika historia hiihii yuko Lucy Lameck wa Kilimanjaro, ambaye sisi wauguzi tunamdai kuwa wetu, maana alisomea uuguzi kabla ya kuingia katika siasa. Aliufanya ukatibu katika chama cha ushirika cha KNCU, akasoma Ruskin College kule Oxford, akaingia bungeni mwaka 1960, na baadaye akawa naibu waziri, kwa kipindi fulani katika afya. Yeye alikuwa na Kiingereza, vyeti na uwezo wa kusimama mbele ya wakubwa wa dunia. Bibi Titi alikuwa na mtaa mzima nyuma yake. Nchi iliwahitaji wote wawili, na nadhani walijua hivyo. Ninachokataa ni ile hesabu tunayowapigia watoto wetu huku ugenini, kwamba kwanza upate cheti, kisha cheo, ndipo watu wakusikilize.

Baada ya Uhuru vyeo vilikuja. Mwaka 1962 ulianzishwa Umoja wa Wanawake, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huohuo, Julai, wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam na kuanzisha umoja wao wa bara zima. Julai 31 hadi leo huadhimishwa kuwa siku ya wanawake wa Afrika. Bibi Titi alikuwa mbunge, na akapewa unaibu waziri katika maendeleo ya jamii. Mwimbaji wa Bomba alikuwa amefika.

Hapa maoni yangu yanaweza kuwaudhi baadhi ya mama zetu waliofanya kazi UWT, na ninawaheshimu. Lakini nikisoma habari za miaka ile naona kitu kilipotea. Umoja mpya ulikuwa na katiba, makatibu, mikoa na wilaya, na taarifa zilipanda juu na maagizo yakashuka chini. Kabla ya Uhuru mambo yalikwenda kwa upande: jirani kwa jirani, kikundi kwa kikundi. Mama aliyefuatwa na mwenzake mwaka 1955 aliulizwa. Mama aliyepelekewa barua kutoka makao makuu mwaka 1965 aliarifiwa. Vilikuwa vitu viwili tofauti, hata kama khanga na nyimbo zilikuwa zilezile.

Kisha vyeo vikaondoka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo. Aliona kwamba kwa mwanamke asiye na elimu kubwa wala pensheni, nyumba ndiyo uzee wake, akakataa kuziachia na akajiuzulu nyadhifa zake. Watu wanabishana mpaka leo nani alikuwa sahihi. Ukumbini kwetu nimesikia mabishano hayo yakifika saa saba usiku. Mwaka 1969 alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake, akakana. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere akamwachia huru.

Alirudi mjini akiwa hana kitu. Ndoa yake ilikuwa imevunjika alipokuwa ndani. Waliokuwa wakigombea kusalimiana naye walivuka barabara. Jina lake liliondolewa katika hadithi ya Uhuru, na watoto waliosoma shule za msingi miaka ya 1970 na 1980, mimi nikiwa mmojawapo mwishoni mwa miaka hiyo, tulifundishwa Uhuru bila yeye. Tuliimba majina ya wanaume.

Lakini majirani walikuwepo. Akina mama aliowaandikisha walikuwa hai, wakiwa wazee, na hawakuwa wamesahau. Mwaka 1984 mwanahistoria Mmarekani, Susan Geiger, alipokuja kumhoji Bibi Titi na baadaye wenzake wa Dar es Salaam, Moshi na Mwanza, aliwakuta wanakumbuka nani alimfuata nani, walikaa wapi, walivaa sare gani, waliimba nini. Kitabu chake juu ya wanawake wa TANU kilitoka mwaka 1997, na mengi niliyoyaandika hapa yanajulikana kwa sababu wale wazee walizungumza. Serikali ilikuwa na nyaraka nyingi za miaka ile. Akina mama hawa hawakuwa na nyaraka, walikuwa wao kwa wao.

Mwaka 1991, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru, chama tawala kilimrudisha Bibi Titi hadharani kama shujaa. Alifariki Novemba 5, 2000, akiwa hospitalini Johannesburg, Afrika Kusini. Leo barabara inayopita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake. Upande wa pili wa viwanja hivyo uko Mtaa wa Lumumba, ambao zamani uliitwa New Street, ilipokuwa ofisi ya TANU. Tatu binti Mzee na wenzake walikuwa wakipita hapo kwa miguu.

Kati ya familia zetu wapo ambao bibi zao au mama zao walikuwa katika vikundi vile, Dar es Salaam, Tanga, Tabora, Lindi, Mwanza, popote. Mwenye kadi ya zamani, picha ya sare za kanga, au hata jina la kikundi na wimbo mmoja unaokumbukwa, tafadhali amletee katibu wa kamati ya jarida kabla ya Pasaka. Na wale ambao bibi bado yuko hai, mpigieni simu wiki hii, mumuulize alikuwa kikundi gani. Muulizeni pia nani alimfuata nyumbani kumwambia habari za TANU. Atawatajia jina.